Zimwi Laamka, na Zulia Likalowa

Nitaeleza kwanza niliyoyaona, kwa sababu ndiyo mepesi. Niliyoyafanya nitayafikia, msinikimbize.

Nchi yetu ina jina zuri, ila kwa sasa sitalitaja. Jina hilo liko mbele ya kamati inayolipitia upya, na mpaka kamati imalize tumeombwa tuseme "hapa kwetu" tu. Basi hapa kwetu, mwaka juzi, ililetwa sinema ya ng'ambo iitwayo Zimwi la Bwawani. Zimwi lilikunywa bwawa zima la kijiji likabakiza tope na kidimbwi kimoja, likala mbuzi, likaketi kwenye kiti cha mifupa, likasinzia. Wanakijiji, kwa kuogopa kuliamsha, wakajifunza kutembea kwa kunyata maisha yao yote. Muziki ukapigwa, taa zikawashwa, watu wakaenda nyumbani.

Wakubwa waliipenda mno. Baraza la Utazamaji wa Kifamilia, ambalo kazi yake ni kuamua familia itazame nini na ifumbe macho wakati gani, liliipiga mhuri wa dhahabu: "Yafaa kwa rika zote, na kwa wasiotaka pia." Shule zikapelekwa kuitazama kwa foleni. Ikaanzishwa Wiki ya Kunyata. Mpaka leo mtoto wa chekechea akiulizwa raia mwema anatembeaje, anasimama kwa vidole vya miguu bila kutoa sauti, na mwalimu anampigia makofi bila kugusanisha viganja.

Mwaka huu ikaja sehemu ya pili. Jina lake: Zimwi Laamka.

Jina peke yake lilikaa forodhani wiki sita. Bango lilipobandikwa mjini lilifunikwa turubai, na watu wakawa wanakwenda kulitazama turubai. Mwanangu Tunu, mwenye miaka sita, ambaye sehemu ya kwanza anaijua mpaka mbuzi wa mwisho aliliwa kuanzia upande gani, hakunipa raha.

"Mama, likiamka litafanyaje?"

"Sijui, mwanangu."

"Litaona aibu? Si limewanywea bwawa lao?"

"Mazimwi hayaoni aibu, Tunu. Kula."

Akala, lakini nilimwona bado anafikiri.

*

Sheria ya hapa kwetu inasema sinema ya familia haiwezi kupitishwa wala kukataliwa mpaka ipimwe na familia kamili: baba mmoja, mama mmoja, mtoto mmoja na bibi mmoja, waketi pamoja na Baraza, wachunguzwe wanavyotazama. Wajumbe wa Baraza wangetoa familia zao kwa moyo mkunjufu, ila familia zao zote zilikuwa ng'ambo kimasomo, kimatibabu na kimanunuzi. Likatoka tangazo redioni: anatakiwa mama, awe na mtoto, ajue kusoma na kuandika, na baada ya zoezi atafikiriwa kwa ajira.

Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni. Miaka mitatu nilikwenda darasani baada ya kuuza vitumbua, Tunu nikimwacha kwa jirani, nikarudi na cheti chenye picha yangu nikiwa sijatabasamu. Nilitaka kufundisha chekechea. Nilikuwa nimeshachora herufi zote kwenye maboksi ya sabuni, A mpaka Z, zikingoja ukuta wa kubandikwa. Kwa hiyo lile neno "atafikiriwa" nililirudia kichwani mara nyingi mpaka likaanza kunipendeza kama jina la mtu.

Baba yake Tunu yuko migodini, hurudi sikukuu. Baraza likasema hilo si tatizo, na likatuazima baba: Bwana Hokororo, karani wa Idara ya Vipimo vya Ardhi, mtu wa makamo mwenye kalamu nne mfukoni. Alitupokea mlangoni kwa kutia sahihi: "Nimepokea mke mmoja na mtoto mmoja, wote katika hali nzuri." Bibi naye alitakiwa kutoka Idara ya Pensheni, lakini faili lake halikuonekana, na bila faili hakuweza kuwepo. Kikawekwa kiti kitupu kilichobandikwa karatasi: BIBI.

"Wewe si baba yangu," Tunu akamwambia Bwana Hokororo.

"Kwa leo ndiye. Mpaka saa tisa alasiri."

"Baba yangu ana kovu hapa."

"Kovu halikuandikwa kwenye fomu," akasema Bwana Hokororo kwa upole, akizipanga upya kalamu zake nne.

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na zulia jeupe rangi ya maziwa, zawadi ya taifa rafiki. Juu ya zulia viti, mbele ya viti pazia la sinema, na kando ya pazia picha ya Mlezi Mkuu wetu, ile ile iliyomo katika kila nyumba, kila zahanati na kila choo cha umma, ambako imegeuziwa ukutani kwa heshima. Mnaijua: Mlezi Mkuu anakunywa maziwa kuhamasisha lishe bora, ameshika bilauri kwa mkono wa kulia, na kidole chake kidogo amekinyanyua juu, peke yake, kama mtu anayepima upepo.

Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Sengondo, alifungua kikao. Alikuwa mtu mnene mwenye suti ya kijivu, na alipozungumza alifumba macho ili asikengeushwe na wanaomsikiliza.

"Ndugu familia," alisema. "Familia ni familia kwa sababu ya ufamilia wake. Familia isiyotazama pamoja haioni pamoja, na familia inayoona pamoja, jamani, inaona nini? Inaona kile tulichokubaliana kuona. Baraza langu halizuii kuona. Baraza langu linaratibu kuona. Ahsanteni."

Tukapiga makofi ya kunyata.

Sinema ikaanza. Maneno yalikuwa ya kigeni, kwa hiyo Katibu wa Baraza, Bi Hidaya, mwanamke mwembamba mwenye miwani shingoni, aliyatafsiri akiwa amesimama pembeni kwa sauti ya kusoma hukumu. "Zimwi laamka. Zimwi lajinyoosha. Zimwi lasema, nina kiu."

Likainuka kwenye kiti chake cha mifupa. Likachota kile kidimbwi cha mwisho kwa kikombe kikubwa kama nyumba. Likanywa. Na lilipokuwa linakunywa, kidole chake kidogo kilinyanyuka juu, peke yake.

Naapa hakuna aliyeona. Wajumbe kumi na mmoja waliangalia dari, kucha zao, kiti cha BIBI. Bi Hidaya alifungua kinywa kutafsiri, akakumbuka hakuna aliyesema neno, akakifunga. Waliotengeneza ile sinema wako mbali huko, hawajui hata kama sisi tupo. Labda hata wao hawakuona.

Tunu akapanda juu ya kiti.

"Mama! Ni Mlezi Mkuu! Tazama kidole!" Akaonyesha pazia, akaonyesha picha ukutani, akarudi kwenye pazia, kwa furaha ya mtu aliyekutana na jirani ugenini. "Kidole kile kile!"

Nikamziba mdomo. Mkono huu huu ninaoandikia.

Na katika kile kimya, ikasikika sauti ndogo. Mama yeyote aliyelea anaijua sauti ile, haihitaji tafsiri. Wote tukatazama chini. Chini ya kiti cha Mheshimiwa Sengondo, juu ya zulia la taifa rafiki, doa la manjano lilikuwa linatanuka taratibu, bila haraka.

Hakuna aliyethubutu kusimama kuizima sinema, maana anayezima lazima aseme ameona nini. Ikaendelea yenyewe. Binti mmoja mchunga mbuzi akapanda mlimani mpaka kwenye kile kiti, hakunyata, alipiga nyayo, akaliuliza zimwi swali moja tu. Bi Hidaya akatafsiri kwa sauti iliyokauka: "Mkono wako wa nyuma una nini?" Zimwi likatoa mkono uliokuwa mgongoni, mna ndoo ya kisima. Likapungua. "Na tena?" Mna kengele za mbuzi. Likapungua tena. Kila lilipoonyesha lilichoficha liliona aibu, na kila lilipoona aibu likawa dogo, hata likatosha kwenye kata ya kuchotea maji, na yule binti akalibeba mpaka kijijini likaombe radhi nyumba kwa nyumba.

Tunu alikuwa anacheka. Kicheko chake nilikihisi kwenye kiganja.

*

Kikao cha uamuzi kilifanyika pale pale, kwa kuwa Mheshimiwa Sengondo alisema anaona vyema tusisimame. Alikuwa ameweka faili mapajani.

"Sinema hii haipiti," akasema. "Katibu, andika sababu."

"Niandike inafanana, Mheshimiwa?"

"Inafanana na nini?"

Bi Hidaya akainua kalamu. "Haifanani na kitu."

"Basi andika haifanani."

"Haifanani na nani, Mheshimiwa? Wataniuliza."

Wakazunguka hivyo kwa saa nzima. Atakayeandika kwamba zimwi linafanana na mtu ndiye atakayekuwa amefananisha, na kufananisha hapa kwetu ni kosa la miaka saba. Kuipitisha sinema hawakuweza, na kuikataa bila sababu hawakuweza, kwa sababu mke wa Mlezi Mkuu aliisifu sehemu ya kwanza hadharani na angependa kujua.

Bwana Hokororo ndiye aliyeliangalia zulia. Ardhi ndiyo kazi yake. "Samahani wakubwa," akasema. "Lile doa nalo litaulizwa. Zulia la serikali haliloi lenyewe."

Mheshimiwa Sengondo akafumba macho yake.

"Watoto," akasema polepole, "hutishika."

Nikamwona Bi Hidaya anavaa miwani. Uso wake ulipata nuru. "Mtoto ametishika, Mheshimiwa. Ametishika kiasi cha kushindwa kujizuia. Hiyo ni sababu ya kitaalamu kabisa, na doa linapata mwenyewe."

"Mimi?" Tunu akasema. Akaikung'uta sketi yake mbele yao, kavu, ikatoa vumbi la chaki. "Mimi mkavu. Shikeni muone. Baba wa leo, shika!"

"Mimi ni wa kuazima, mwanangu," Bwana Hokororo akasema akitazama viatu vyake. "Siwezi kushika ushahidi."

Ndipo Mheshimiwa Sengondo akanigeukia. Hakunitisha. Laiti angenitisha, leo ningekuwa na la kusema. Alinitazama kwa heshima.

"Mama Tunu, wewe ni msomi. Unajua umuhimu wa maandishi. Mtoto ana miaka sita, atasahau. Na wewe hapa tunakufikiria."

Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniita msomi, hata siku ya kupewa cheti. Karatasi ikaletwa: Mimi mama mzazi nathibitisha kwamba mwanangu, kwa hofu iliyosababishwa na sinema tajwa, alilowesha zulia. Nikatia sahihi, kwa mwandiko ule mzuri wa masomo ya jioni, na nukta ya mwisho nikaiweka vizuri. Mwalimu wetu alikuwa akisema sahihi ya mtu ni uso wake. Basi uso wangu uko pale, katika faili, mpaka leo.

*

Kabla ya jua kuzama redio ilikuwa imeshatangaza. Sinema haifai kwa familia. Mtoto Tunu, miaka sita, alilowesha.

Jirani yangu Bi Mwanakheri, yule niliyekuwa nikimwachia Tunu, alitokea uani na ndoo yake.

"Hongera, Mama Tunu. Tumekusikia redioni. Kumbe una mtoto wa kulowesha zulia la taifa!"

"Ni mambo ya kitaalamu, Bi Mwanakheri."

"Utaalamu gani wa mkojo? Miaka mitatu yule mtoto alilala kwenye kitanda changu wewe ukiwa darasani. Hajalowesha hata leso. Hebu niambie mimi niliyefua mashuka, mkojo huo ameutoa wapi?"

Nikasema sijui. Akanitazama, akamwaga maji ya ndoo yake miguuni pangu bila kukusudia, au kwa kukusudia, akaingia ndani.

Tunu alikuwa kizingitini anafungua kamba za viatu.

"Mama, si mimi."

"Najua, mwanangu."

"Unajua?" Aliniangalia kwa mshangao, maana alidhani labda nimekosea. "Sasa kwa nini umeandika mimi?"

"Karatasi ilitaka jina."

"Ungeandika lako."

Nimesoma Kiswahili, hesabu, historia na maarifa ya nyumbani, na nilichofanya ni kuingia ndani kuchochea moto.

Wiki iliyofuata barua ikaja. Nimefikiriwa. Nimeteuliwa kuwa Mwalimu Msaidizi wa Kunyata, Chekechea ya Serikali Namba Mbili. Nikazibandika herufi zangu ukutani, A mpaka Z, na watoto wakanyata chini yake. Tunu yeye shuleni kwake walikuwa wameshampa jina. Sitaliandika. Mnajua watoto wa hapa kwetu humwitaje mtoto wa namna hiyo.

*

Ingeishia hapo ningekaa kimya, na hii hadithi msingeipata. Lakini watu waliendelea kuulizia lile turubai. Watoto wote nchini walitaka kujua zimwi lilifanyaje. Waziri wa Malezi akaona ushahidi wa redio hautoshi, wananchi waone kwa macho, na akakumbuka mila.

Nyote mnaijua mila hiyo, wengine mmepitishwa. Mtoto kikojozi hufungwa chura kiunoni, hubebeshwa mkeka wake kichwani, huzungushwa nyumba, na watoto wenzake humfuata nyuma wakimwimbia mpaka aone haya na aache. Nyumbani ni jambo la dakika kumi, na jioni anapewa uji. Waziri akaifanya ya kitaifa. Siku ya Familia, uwanja mkubwa, Tunu atazunguka raundi tatu na mkeka kichwani, bendi ya polisi ikipiga, shule arobaini zikiimba. Chura aliagizwa Wizara ya Maji, lakini wizara ikajibu kwamba mabwawa yote yamekauka, vyura hawapo. Akaletwa wa mpira kutoka ng'ambo, wa kijani, ukimbonyeza analia.

Barua ya kunijulisha ilikuwa na mstari mmoja kwa mkono wa Mheshimiwa Sengondo: "Hongera mzazi. Utaketi jukwaa kuu."

Nilimwambia Tunu ni mchezo wa maigizo.

"Uongo," akasema. Hakulia. Akauliza tu mkeka ni upi, wa kulalia au wa kukaanga, yaani ule tunaokalia tunapokaanga vitumbua. Nikasema ule wa kukaanga. Akasema vizuri, ule hauwashi.

*

Siku ile nilivaa kitenge kipya. Kiti changu kiliandikwa MAMA. Mkono wangu wa kushoto niliuweka nyuma ya mgongo, umeshika ile barua ya uteuzi, kwa sababu tulielekezwa kuja na vitambulisho vya kazi na sikutaka ionekane nikiikunjakunja. Mheshimiwa Sengondo alikaa kando yangu. Alikuwa amevaa suruali nyeusi.

Bendi ikaanza. Tunu akaingia, mkeka kichwani, chura kiunoni, soksi zimepandishwa mpaka magotini kama nilivyozipandisha mwenyewe asubuhi. Shule arobaini zikaanza kuimba. Hakunyata. Alipiga nyayo, na kila alipopiga yule chura wa mpira alilia, na uwanja mzima ukacheka.

Raundi ya kwanza nilikaa.

Nalisema wazi kwa sababu watu siku hizi wakinisimulia wanairuka. Wanasema mama aliruka pale pale. Sikuruka. Mita mia nne mwanangu alitembea, elfu ishirini wakimwimbia, na mimi nilikaa nikihesabu kichwani herufi zangu za ukutani moja moja, nikijiambia raundi zimebaki mbili, jioni nitampikia uji wa maziwa.

"Anatembea vizuri," Mheshimiwa Sengondo akaninong'oneza. "Amelelewa."

Raundi ya pili, Tunu alipofika mbele ya jukwaa kuu, akasimama. Bendi ikaendelea kidogo peke yake, ikajikwaa, ikanyamaza. Akainua macho chini ya mkeka, akanitazama mimi, si Waziri, si Mwenyekiti. Akasema kwa sauti ile ile anayoniulizia chumvi iko wapi:

"Mama, mkono wako wa nyuma una nini?"

Jukwaa zima likanigeukia. Sikujua niufanyeje ule mkono. Nikautoa. Barua ilikuwa imeloa jasho, mhuri umechujuka, lakini neno "umeteuliwa" lilikuwa bado linasomeka.

Sijui nilishukaje zile ngazi. Nakumbuka nilikuwa naona aibu ya namna ambayo haiumi tena, inashusha tu. Nikauchukua mkeka kichwani pake nikauweka pangu; ulinukia mafuta ya vitumbua. Kamba ya chura haikunitosha kiunoni, nikamshika mkononi.

"Maji yale yalikuwa yangu," nikasema. "Mtoto alikuwa mkavu. Ni mimi niliyelowesha."

Uongo mwingine, najua. Mbele yangu Mheshimiwa Sengondo alikuwa amekaa kwa kubana magoti, na kidole changu kingeweza kunyooka kumwelekea. Hakikunyooka. Nilikuwa nimeondoa uongo mmoja na kuweka wa pili. Angalau huu wa pili niliubeba mwenyewe.

Bendi haikupewa amri ya kuacha, ikaanza tena. Nikazunguka kipande kilichobaki cha raundi ya pili, na ya tatu yote. Wanangu wa Chekechea Namba Mbili nao waliimba, kwa sababu waliambiwa waimbe. Tunu alitembea pembeni yangu ameshika kitenge, na baada ya kona ya pili akanyoosha mkono akambonyeza chura. Chura akalia. Tukaendelea.

*

Baraza liliketi upya siku tatu. Kumbukumbu za zulia zilirekebishwa. Na kwa kuwa Baraza letu linafuata ushahidi, halikuweza kukataa lililotangazwa mbele ya watu elfu ishirini: mtoto hakudhurika, aliyedhurika ni mama. Tamko likatoka redioni kwa sauti ya Bi Hidaya. Sinema ya Zimwi Laamka yafaa kwa watoto wa chini ya miaka kumi. Ni marufuku kwa akina mama, kwa usalama wao. Na kwa kuwa hakuna baba aliyepimwa isipokuwa wa kuazima, ni marufuku kwa watu wazima wote mpaka utafiti ukamilike. Watoto wataingia peke yao.

Hakuna aliyeandika inafanana. Hakuna aliyeandika haifanani. Mheshimiwa Sengondo alipandishwa cheo.

Mimi nilifukuzwa, maana mtu mzima anayelowesha hawezi kufundisha kunyata. Nilikwenda kubandua herufi zangu. Zilikuwa zimepungua; Tunu anasema watoto wamezichukua nyumbani. M haipo, wala K, wala T.

Jumamosi ya kwanza ya maonyesho tulisimama nje ya ukumbi, wazazi mia kadhaa, kila mmoja na jozi ya viatu mkononi, kwa sababu ndani pametandikwa zulia jipya na watoto waliingia peku. Bi Mwanakheri alikuja akasimama karibu yangu. Alinipa kitumbua kimoja, cha kwake, nikala. Juu ya mlango ilikuwapo picha, maziwa na kidole. Chini yake askari mwenye daftari, aliyeagizwa kuandika watu wazima watakaosikia chochote.

Walicheka ndani, wakanyamaza, wakacheka. Kisha kikaja kimya, kimya ambacho mimi peke yangu pale nje nilijua ni cha nini. Linachota. Linanywa.

"KIDOLE!"

Watoto mia nne kwa mpigo mmoja. Vioo vya madirisha vililia. Kisha kile kicheko, na safari hii hapakuwa na viganja vya kukiziba.

Wazazi wote wakawa wanaangalia viatu walivyoshika, kana kwamba wanavinunua. Askari akanisogelea mimi, maana mimi ndiye ninayejulikana.

"Mama, umesikia kitu?"

Neno hapana lilishafika kwenye ulimi, lenyewe, kwa mazoea.

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Kidole."

Akafungua daftari. Akaweka kalamu juu ya karatasi. Akafikiri. Akatazama juu ya mlango, upesi, na upesi akashusha macho. Kisha akalifunga daftari, kwa sababu atakayeandika ndiye atakayekuwa ameona, akarudi mahali pake, na nilimwona anapapasa suruali yake kwa nyuma kwa siri, akihakikisha.

Tunu alitoka akikimbia.

"Mama! Limeona aibu tena! Limekuwa hivi." Akapima kwa vidole viwili, kiasi cha punje ya harage. "Wewe ulisema haliwezi."

"Nilikosea."

Nikapiga magoti nimfunge viatu. Nilichelewesha kamba makusudi, nisije nikainua uso. Nikiwa pale chini yeye alikuwa mrefu kuliko mimi, na nilisikia mkono wake, wenye unga wa bisi, unakaa kichwani pangu, mahali ulipokuwa mkeka.

Tukaanza kwenda nyumbani. Yeye alikuwa anapiga nyayo njia nzima, pa, pa, pa, anamsimulia Bi Mwanakheri habari za ndoo na kengele. Mimi nilikuwa nyuma yao, bila kutoa sauti. Tulipofika kwenye kona akageuka, akanitazama miguu kwa muda.

"Mama," akasema. "Visigino."